Wiki tatu na ushee tukisubiri majibu ya koo la baba mdogo

Naandika hiki kisa kwa ruhusa ya baba mdogo mwenyewe na mama mdogo, wamesema andika tu ila majina weka pembeni, na hospitali sitaitaja pale palipoharibika kitu. Nakiandika kwa sababu kwenye ukoo wetu ugonjwa huu hatukuwahi kukaa nao, na zile siku kati ya kuambiwa "inaonekana ni saratani" na kupata karatasi ya majibu kamili, karibu nusu yake tuliipoteza. Tulijua kusubiri ni kukaa na kuomba Mungu, kumbe mgonjwa anaisha kwa njaa mbele ya macho yetu, sisi tunaangalia simu itaita lini.

Mgonjwa ni mwanaume, miaka 58 wakati ule, mkulima wa tumbaku Urambo, watoto watano. Hana sukari wala presha. Anavuta tumbaku ya kusokota tangu ujana wake, na chai yake lazima iwe inafuka, ikitoka jikoni inakwenda mdomoni moja kwa moja, ukimpoozea anakurudishia kikombe. Msimu wa kukausha analala bani, yaani kwenye banda la kukaushia tumbaku, maana moto wa kuni hautakiwi uzime wala uzidi, kwahiyo moshi ule ameuvuta miaka zaidi ya thelathini.

Ilianza Mei 2024, wakati wa masoko. Tonge la ugali likifika katikati ya kifua linasimama. Anakunywa maji linashuka. Akaona ni kula kwa haraka. Juni akawa kila tonge na funda la maji, nyama ameshaacha mwenyewe bila kumwambia mtu, anasema tu "leo sijisikii nyama". Dukani akapewa dawa za vidonda vya tumbo, akazimeza miezi miwili, kidogo kile kiungulia kikapungua na hapo ndo tukadanganyika kabisa. Agosti wali ukaanza kugoma. Septemba akawa ni mtu wa uji na mlenda, na mlenda wenyewe anauvuta bila ugali. Hapa niseme wazi kwa yeyote anayesoma: ukiona mtu mzima chakula kinakwama, kwanza kigumu, baadae laini, baadae hata uji, hiyo sio vidonda vya tumbo mpaka kipimo cha kamera kiseme. Umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni, unatanuka sana, kwahiyo ukianza kukwama maana yake njia imeshaliwa sehemu kubwa, na kila wiki ina thamani yake. Sisi tulipoteza wiki kama ishirini.

Mwanzo wa Oktoba nikamchukua akaja kukaa kwangu hapa Tabora mjini, Isevya, afu tukasafiri kwenda kwenye kamera kwenye hospitali ya rufaa, sio hapa Tabora. Jumatatu tarehe 7 Oktoba akapuliziwa ganzi kooni, akalazwa ubavu wa kushoto, mpira ukaingizwa. Mpira wenyewe una unene kama wa kidole kidogo. Ulipofika sentimita 31 kutoka kwenye meno ukagoma kupita. Dokta akachukua vinyama kadhaa pale pale, vikawekwa kwenye kichupa cha maji ya dawa, akatoka nje kuongea na mimi na mdogo wangu, mtoto wake wa kwanza. Akasema "kwa macho yangu hii ni saratani ya umio, ila kinyama ndo kitathibitisha na kusema ni aina gani, subirini wiki mbili". Akatuandikia na sitiskani (CT scan), ile picha ya mashine, ya kifua na tumbo.

Sasa hapa watu wengi wanachanganya, na sisi tulichanganya, tukawa tunasema "tunasubiri majibu" kama vile ni jibu moja. Ni maswali matatu tofauti. La kwanza, ni nini na ni aina gani, hilo linajibiwa na kinyama: kinakaa kwenye formalini, yale maji ya dawa, kinagandishwa kwenye nta, kinakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, kinapakwa rangi, daktari wa maabara anakaa na darubini. Hizo hatua zinachukua siku zake hata kama kila kitu kiko sawa. La pili, umefika wapi, hilo ni la sitiskani, wanaangalia matezi, mapafu, ini. La tatu ndo halikutajwa na mtu yeyote siku ile, nalo ni mwili wa huyu mtu una nguvu ya kubeba matibabu gani. Hilo swali la tatu halisubiri maabara wala mtu yeyote. Jibu lake linaandikwa nyumbani kila siku, kwenye sufuria.

Kilo alizokuwa nazo kwenye kadi ya zahanati mwezi wa tano ni 71. Siku ya kamera, 58.4.

Basi tukarudi Tabora, na ndani ya basi mimi na mdogo wangu tukakubaliana kwamba tutamwambia ni kidonda. Tulikubaliana kwa meseji, tumekaa siti moja, baba mdogo mwenyewe yuko siti ya mbele yetu. Nikikumbuka naumia mpaka leo. Tuliona tunambebea mzigo. Mama mdogo tukamwambia ukweli, tukamwomba naye anyamaze, kwahiyo mwanamke wa watu akawa analala kitanda kimoja na mumewe na siri ya mwili wa mumewe. Siku nane ilikuwa hivo. Nyumba ikawa nzito, tukiingia chumbani kwake tunaongea habari za mvua, tukitoka tunanong'ona jikoni, watoto wakiuliza babu anaumwa nini tunawafokea. Yeye akawa hasemi kitu, anaitikia shikamoo, anageukia ukutani.

Siku ya nane jioni nimempelekea uji, akaniambia kaa. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa karatasi imekunjwa mara nne, imeshaloa jasho kwenye mikunjo mpaka inataka kukatika. Ni nakala ya fomu ya sitiskani. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja, palikuwa pameandikwa CA, kifupi cha saratani, na jina la umio kwa Kiingereza. Akasema, "Mama, hii CA nilimuuliza mtoto wa jirani anayesoma kidato cha tatu, akaniambia. Mnanificha nini wakati koo ni langu?"

Sikuwa na la kusema. Nililia, na yeye ndo akaanza kunibembeleza, akaniambia nyamaza mwanangu, mimi nilijua tangu pale nimelala ubavu, manesi walikuwa wanaongea juu ya kichwa changu. Halafu akauliza mambo manne mfululizo kama mtu aliyekuwa ameyapanga: inaambukiza? ni ya kurithi watoto wangu? inatibika? na mkopo wa pembejeo wa chama cha msingi nani atalipa nikifa?

Nilimjibu nilichokuwa nakijua. Haiambukizi, kula nao sahani moja, hamna shida. Watoto hawarithi hivi hivi kama mali, ila wote waache tumbaku ya kuvuta na waache kunywa vitu vya moto kupita kiasi. Kutibika inategemea imefika wapi na mwili wake una nguvu kiasi gani, ndo hayo tunayosubiri. La mkopo nikamwambia tumuite mwanao. Na kuanzia usiku ule mambo yakabadilika, sio kwamba hofu iliisha, hapana, ila alianza kula mbele yetu. Siku zote nane alikuwa anasubiri tutoke ndo ahangaike na kikombe chake peke yake, hakutaka tumuone anavyopaliwa. Nataka familia inayomficha mgonjwa ielewe hilo: na yeye anawaficha, anajua anachojua, na anaacha kusema hata yale ambayo dokta alihitaji kuyasikia. Mfano sisi hatukujua kwamba usiku mate hayapiti vizuri, anatema kwenye kopo la majivu chini ya kitanda, mama mdogo alijua lakini naye alikuwa kwenye ule ukimya.

Kuhusu vitalu. Oktoba ndo miche ya tumbaku iko kitaluni, inamwagiliwa asubuhi na jioni, ikikauka msimu umekwisha kabla haujaanza. Yeye kila siku anataka kwenda Urambo kuangalia vitalu, sisi tunamkatalia, "pumzika mzee, unaumwa". Baada ya mazungumzo yale nikaona tulikuwa tunamkosea. Dokta hakuwa amemkataza kutembea. Tukampeleka siku tatu, na masharti yake: anakaa kiti chini ya mwembe, mwanawe ndo anabeba ndoo. Aliporudi sauti ilikuwa imerudi. Kule alikaa na kijana wake akamuonyesha daftari la chama, deni ni kiasi gani, mbolea imeshachukuliwa mifuko mingapi, miche ya kitalu cha pili ina ugonjwa gani wa majani. Mimi sio mtaalamu wa mambo ya akili, ila nilichokiona ni kwamba mtu anayesubiri habari kubwa anahitaji kazi ya saizi yake, sio huruma ya kutwa nzima. Hizo siku tatu zilimsaidia kuliko maneno yetu yote ya "usiwaze".

Sasa njoo kwenye kilo, maana hapa ndo kiini cha kisa.

Siku ya kumi tangu kamera nikampeleka kwenye duka la dawa pale mtaani, wana mizani ya kusimama, nikalipa shilingi 200. Ikasoma 56.1. Kilo mbili na point tatu ndani ya siku kumi. Nikashtuka kwa sababu sisi tulikuwa tunamlisha, tena kwa bidii, anakunywa uji lita mbili kwa siku! Usiku nikakaa na kalamu nikapiga hesabu. Uji ule mwepesi wa kupita kooni, lita moja ina unga kama gramu 60, unga huo unatoa kama kalori 200 na kidogo. Lita mbili, 400 na kidogo, ukiweka sukari labda 600. Mtu wa kilo zake anahitaji kama kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo, yaani 1,400 mpaka 1,700 kwa siku. Tulikuwa tunamjaza maji. Tumbo limejaa, anasema nimeshiba, na mwili unakula misuli yake wenyewe.

Shida ni kwamba ukiuzidisha unga, uji unakuwa mzito, haupiti. Ukiupunguza unapita, hauna kitu. Nikaenda kumuona afisa lishe hospitalini hapa mjini, sikuwa na miadi, nilikaa benchi tu mpaka akapata nafasi. Aliniuliza swali moja: "Kimea mnakijua?" Mama mdogo tulikuwa naye, akadakia, "Kimea cha pombe?" Akasema ndio, hicho hicho.

Mama mdogo amepika pombe ya kienyeji miaka yote, kimea ni mkono wake. Ulezi unalowekwa usiku kucha, unatandazwa kwenye gunia lenye unyevu siku mbili tatu mpaka uchipue, unaanikwa juani ukauke kabisa, unapukuchwa vichipukizi na mizizi, unasagwa. Tulitumia ulezi tu, mtama hapana, kwa sababu vichipukizi vya mtama vina sumu na hatukutaka kubahatisha na mgonjwa. Nyumbani Urambo alikuwa na kimea cha akiba, kikaletwa na basi siku iliyofuata.

Nieleze nilichokiona kwa macho yangu maana mpaka leo naona kama muujiza. Sufuria dogo, uji mzito kabisa, mama mdogo kasimamisha mwiko katikati na mwiko umesimama wenyewe. Akaepua, akasubiri uache kutokota, maana ukiweka kwenye uji unaochemka ile nguvu ya kimea inakufa. Akaweka kijiko cha chai kimoja cha kimea, akakoroga taratibu. Dakika kama tano, mwiko ukaanza kuegemea, ukalala pembeni ya sufuria. Uji ule ule, unga ule ule, unamiminika kama maziwa mazito. Kimea kinakatakata wanga, kwahiyo ule unene unaondoka lakini chakula kinabaki. Akaurudisha motoni ukachemka kidogo kuua vijidudu, akaacha upoe mpaka vuguvugu. Tulikuwa na jibu ndani ya ukoo muda wote, kwenye gunia la pombe.

Tukaujenga huo uji. Kila kikombe cha robo lita: unga kama gramu 40, kijiko cha chakula kimoja cha karanga zilizosagwa laini sana na kuchujwa kwenye chujio la chai, nusu kijiko cha mafuta ya alizeti, asali kidogo, hapa Tabora asali haitusumbui kupata. Inakaribia kalori 300 kwa kikombe. Vikombe sita kwa siku, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, na katikati maziwa mtindi yaliyopigwapigwa, siku nyingine parachichi limepondwa na maziwa mpaka halina nyuzi. Baadhi ya siku alifika vikombe vinne tu akagoma, hatukumlazimisha, tuliandika kwenye karatasi ukutani na kesho tukaanza upya. Wiki iliyofuata mizani ile ile, shati lile lile: 55.9. Iliyofuata: 56.3.

Na namna ya kunywa nayo ina utaratibu wake. Anakaa wima, miguu chini, funda dogo, anameza, anasubiri, anameza tena mate, ndo funda lingine, kikombe kinachukua dakika 25 na hakuna kumwambia maliza. Akimaliza anabaki amekaa nusu saa. Usiku tuliinua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa tofali moja moja, ile kupaliwa na kukohoa usiku kukapungua sana. Vyote vuguvugu, chai ya moto ikapigwa marufuku, na hiyo ilikuwa ngumu kwake kuliko hata tumbaku. Sigara alipunguza mpaka mbili, wiki ya tatu akaacha, alikuwa mkali siku nne tano, tulivumilia.

Tuliambiwa pia dalili za kukimbia hospitali bila kusubiri majibu ya mtu, na hizi tafadhali zishike: akishindwa kumeza hata mate, akitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, homa na kifua kubana, na ile ya kukohoa kila anapokunywa maji, maana inaweza kuwa tundu limetokea kati ya umio na njia ya hewa, hapo kila funda linaingia kifuani. Kwetu haikutokea hata moja. Mdogo wangu alikuwa na namba ya bajaji ya usiku tayari.

Kwenye grupu la ukoo ilikuwa vurugu. Siku ya pili tu baada ya mazungumzo yale mmoja akatuma alichosoma mtandaoni, wagonjwa wa hivi wanaishi miezi kadhaa, na baba mdogo mwenyewe yumo kwenye grupu. Nilimpigia nikamwambia futa. Zile hesabu nyingi zimetoka Ulaya na Marekani, kule sehemu nyingi saratani ya umio iliyozoeleka ni ya aina nyingine, inayoendana na asidi ya tumbo kupanda na unene. Huku kwetu, kwenye ule ukanda wa mashariki mwa Afrika kutoka Ethiopia mpaka Afrika Kusini, iliyojaa ni ya aina ya skwamasi, inayoanzia kwenye seli bapa za utando wa ndani ya umio, na mtu ambaye hata hatua yake haijajulikana unampigiaje hesabu ya miezi? Wengine wakaleta mstafeli, wengine magadi. Shangazi yeye alisema wazi kuna mtu kamtupia, ni yule waliyegombania shamba, twende tukatizame. Simlaumu shangazi, ni kaka yake, alitaka adui mwenye sura. Baba mdogo ndo alimjibu mwenyewe, akamwambia dada, kwanza nimeze, mambo ya watu baadae. Nilichokataa kabisa ni dawa za kuchemsha za kunywa moto na zile chungu za kuunguza, njia ambayo maji yanapita kwa shida huwezi kuimwagia kitu cha kuunguza. Kwenye kanisa letu kikundi cha maombi kilipanga mfungo wa siku tatu na yeye akataka kufunga nao. Mchungaji alikuja mwenyewe nyumbani, akamwambia wewe tunakufungia sisi, wewe kazi yako unywe uji. Namshukuru sana yule baba.

Chanzo kilimsumbua, aliuliza usiku mmoja, "ni tumbaku?" Nilimwambia tumbaku imo, moshi umo, na vinywaji vya moto vimo, mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi joto 65 za selsiasi kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani. Ila kwa mtu mmoja huwezi kushika kimoja ukasema ndo hiki. Amekaa kimya muda, akasema basi bani langu liwekwe bomba refu la moshi, vijana wasikae ndani. Na liliwekwa.

Sasa kosa la simu, na hili limeniuma. Wiki mbili zilipita, tarehe 21 kimya, 22 kimya, 25 kimya. Tukasema hawajapiga, maana yake hayajatoka. Mdogo wangu alitaka kupiga nikamwambia usiwasumbue, watakasirika. Tarehe 31 nikashindwa, nikampigia mtu anayefanya kazi mji ule, akaenda dirishani kuuliza. Majibu yalitoka tarehe 22. Walipiga mara mbili kwenye namba iliyoandikwa kwenye fomu, haipatikani. Namba ilikuwa na 1 mahali pa 7. Aliyeandika aliandika haraka, na mimi niliyekabidhiwa fomu niisome nilisaini bila kusoma. Siku tisa! Kwa ugonjwa huu siku tisa sio kitu kidogo. Kwahiyo siku unayoacha kinyama maabara, soma namba kwa sauti mbele ya mwandishi, weka namba mbili za watu wawili tofauti, omba namba ya sampuli na uiandike, na siku waliyokuambia ikifika piga wewe au tuma mtu. Kukaa kimya kwa adabu hakumsaidii mgonjwa.

Majibu: skwamasi, kama dokta alivyohisi. Sitiskani: uvimbe wa kama sentimita 6, matezi mawili ya jirani yamekua, ini safi, mapafu safi. Tulikaa sebuleni nikamsomea yote, neno kwa neno, pamoja na hayo matezi. Akauliza, "ini safi?" Nikasema safi. Akasema rudia. Nikarudia.

Dokta akapendekeza mionzi pamoja na dripu za dawa, mionzi siku tano za wiki kwa kama wiki tano, baadae ndo waone kama upasuaji unawezekana. Kwa mionzi, wakati ule tulikuwa tunaangalia Bugando Mwanza au Ocean Road Dar es Salaam, tukachagua Mwanza kwa sababu shangazi yule yule anaishi Nyakato na mgonjwa wa wiki tano anahitaji kitanda cha ndugu na jiko. Likaja na suala la mpira wa kulishia tumboni, kama koo litavimba wakati wa mionzi. Mama mdogo alilia aliposikia, kwake mpira ni mtu anayekufa. Dokta akamwonyesha mgonjwa mmoja pale kliniki, baba amekaa na mpira wake chini ya shati anasoma gazeti, ameshamaliza mionzi na anakunywa chai yake vuguvugu, mpira unatolewa wiki ijayo. Hilo lilimtuliza kuliko maelezo. Upande wa pesa tulikuwa tumetaka kuuza maksai wote wanne ile wiki ya kwanza kwa pupa, bei ya hasara, mwanawe akakataa akasema tujue kwanza tunalipia nini. Alikuwa sahihi. Ofisi ya ustawi wa jamii ilitusaidia sehemu kwa barua ya mtendaji wa kata, tukauza wawili tu, wawili wamebaki kulimia.

Asubuhi ya kwanza ya mionzi walimpima uzito kabla ya yote. Dokta akaangalia mizani, akafungua faili akaangalia ya siku ya kamera, 58.4, akarudia kuangalia mizani. 57.2. Akamuuliza mama mdogo mwezi mzima mmempa nini huyu mzee. Mama mdogo akafungua mkoba, akatoa mfuko wa kimea, akauliza kama kule wodini akilazwa kuna mahali pa kuchemshia.